Besi ya Laki Tano, Besi ya Milioni Tano

Kwaya inapochanga fedha za vyombo, kinanda hutangulia, spika hufuata, na gitaa la besi hungoja chenji. Misungwi nako ni hivyo hivyo. Michango hutoka kwa wakulima wa pamba na mpunga, wavuvi wa Kigongo, wenye maduka ya barabara ya Shinyanga na vijana wa bodaboda. Huja kwa msimu, hujaza daftari la mweka hazina kwa wiki chache, kisha mtu hutumwa Mwanza mjini, kilomita 40 hivi, akiwa na agizo fupi: besi nzuri, bei ya kawaida. Mara nyingi anayetumwa ni mzee anayeaminika kwa fedha. Kijana atakayeipiga hubaki nyumbani.

Dukani kuna magitaa matatu ukutani, yote ya kung'aa, yote ya nyuzi nne, na kwa macho ya mgeni yote ni ndugu wa baba mmoja. Bei zake, hata hivyo, zimepishana mara mbili au tatu. Tofauti hiyo imejificha wapi, na ni sehemu gani yake itakayosikika ibada ikianza?

Kuhusu undugu wao mgeni hakukosea. Mwaka 1951 fundi redio wa mji wa Fullerton, California, Leo Fender, ambaye hakuwahi hata kujifunza kupiga gitaa, alitoa sokoni Precision Bass. Kabla yake, besi ya bendi ilikuwa lile gitaa kubwa la kusimama, zito kubeba na lenye sauti inayomezwa na tarumbeta. Fender aliifanya ivaliwe mkanda begani, akaiwekea freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), akaiunganisha shingo na kiwiliwili kwa skrubu, na akaupa uzi urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 na kitu. Mwaka 1960 akaongeza Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi na pikapu mbili, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Besi nyingi zinazoning'inia madukani Mwanza, Kariakoo au Nairobi ni wajukuu wa hizo mbili, jina lolote liandikwalo kichwani.

Zile skrubu ndizo zilizoshusha bei. Shingo ikichongwa peke yake na kiwiliwili peke yake, mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi na mikono michache humalizia. Leo kiwanda kimoja cha Indonesia, cha kampuni ya Cor-Tek ya Korea Kusini inayotengeneza magitaa ya Cort, huunda pia besi za majina mengine makubwa. Ndiyo maana besi ya bei ya chini ya sasa ni chombo cha kufanyia kazi, jambo ambalo miaka 40 iliyopita lilikuwa nadra.

Kwa bei za maduka ya ng'ambo za miaka ya karibuni, Yamaha TRBX174 na Ibanez GSR200 hucheza kati ya dola 200 na 250, sawa na shilingi laki tano au sita. Ukipanda hadi dola 400 au 500 unawakuta Squier Classic Vibe, Yamaha TRBX304 na Ibanez SR300. Fender iliyoundwa Mexico inagusa dola 800 na kuendelea, na ndugu yake wa Marekani hukaribia au kuvuka dola 1,800. Juu kabisa wako mafundi wa karakana ndogo kama Fodera wa New York, ambao besi yao inaweza kuzidi dola 5,000. Hizo ni bei kabla ya usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya muuzaji, kwa hiyo ile ya dola 1,800 ikitua Mwanza tayari imeshakuwa besi ya milioni tano.

Kutoka laki tano hadi milioni moja na kidogo, fedha hununua vitu ambavyo kila mtu atavisikia: pikapu zisizovuma, vikazio vinavyoshika, freti zilizokaa sawa. Kutoka milioni moja hadi mbili hununua utulivu. Shingo haiyumbi ovyo na chombo hakirudi kwa fundi kila mwezi. Ukivuka hapo, sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye mishahara ya mafundi wa nchi tajiri, mbao zilizochaguliwa, rangi na jina. Vidole vya mpigaji vitaijua tofauti hiyo. Waumini walioketi safu ya tano, wakisikia besi kupitia spika mbili zilizofunguliwa hadi mwisho, hawataijua. Kwa kwaya yenye milioni mbili mkononi, kuzimaliza zote kwenye gitaa na kubaki bila spika ya kulibeba ni hesabu mbaya.

Anayebisha asikilize tena Sina Makosa ya Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki wenye asili ya Tanzania walipojitenga na Simba Wanyika, na besi aliishika Tom Malanga. Besi yake ndiyo inayotembea, inanyamaza kidogo, inarudi, na gitaa la rithim la Omar Shabani linajipenyeza katika nafasi alizoacha. Wimbo huo umepigwa kwenye redio za mkulima, spika za daladala na simu za mchina kwa zaidi ya miaka 40, na mstari wa besi bado mtu anauimba kwa mdomo. Kaskazini zaidi kwenye ufuko huu huu wa Ziwa Victoria, Shirati mkoani Mara, ndiko alikozaliwa D.O. Misiani, aliyevuka kwenda Kenya na kuupaisha muziki wa benga akiwa na Shirati Jazz. Katika benga besi haikai nyuma kama mlinzi. Hujibizana na solo, huruka, huchokoza. Wapigaji wa kizazi hicho wengi hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Nchini Tanzania bendi kubwa zilimilikiwa na jumuiya na mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu.

Hata hivyo kuna besi mbovu, na ubovu wake hautibiwi na kipaji. Ukaguzi unaanza kabla ya kuchomeka waya. Besi ishikwe kama bunduki inayolengwa, jicho likifuata ukingo wa shingo kutoka kwenye daraja la nyuzi hadi kichwani. Shingo njema hupinda kwa mbele kidogo mno, kiasi cha kutambuliwa na macho makali. Ikiwa imejipinda kwa nyuma nyuzi zitakwaruza freti za mwanzo. Ikiwa imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, irudishwe ukutani hata kama muuzaji anapunguza nusu ya bei. Kisha kiganja kipitishwe pembezoni mwa shingo, kwenda na kurudi. Ncha za freti zikikwangua ngozi, hiyo ni kazi iliyoachwa njiani kiwandani.

Halafu zipigwe sauti zote, uzi mmoja baada ya mwingine, freti baada ya freti, taratibu, bila mbwembwe. Wapigaji wengi wakifika dukani huonyesha ufundi: sebene la kasi, vidole vinaruka, wateja wengine wanageuka kutazama. Kwa kasi hiyo hakuna kasoro inayosikika. Freti iliyoinuka hutoa mlio wa nyuki mahali pamoja tu, na mahali hapo hupatikana kwa kuvizia.

Kipimo cha mwisho hakihitaji zaidi ya sikio. Uzi uguswe kidogo tu, bila kukandamizwa, juu kabisa ya freti ya 12, utoe ule mlio mwembamba unaofanana na kengele. Kisha ukandamizwe pale pale na kupigwa. Sauti mbili hizo zinatakiwa kulingana. Zikipishana, tatizo mara nyingi liko kwenye vitandalio vya daraja, vile vijipande vinavyobeba nyuzi, na bisibisi hulimaliza kwa dakika 10. Kama kitandalio kimeshasukumwa hadi mwisho na sauti bado zinapishana, jambo hilo limevuka uwezo wa bisibisi.

Hali ya hewa ya huku nayo ina neno. Kiangazi cha Usukuma, Juni hadi Septemba, hukausha mbao; shingo hunywea, na ncha za freti ambazo Aprili zilikuwa laini zinaanza kuuma. Mvua zikirudi mbao huvimba, nyuzi huinuka. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kurekebisha mambo hayo, na hugeuzwa kwa spana ya umbo la L ambayo mafundi wa pikipiki wanaiita alenki. Robo geuzo, kisha besi iachwe itulie kabla ya kugeuza tena. Tahadhari moja: besi za Asia nyingi hutumia spana za milimita, za Fender ya Marekani ni za inchi. Spana inayokaribia kuingia ndiyo hatari kuliko isiyoingia kabisa, maana huviringisha pembe za tundu, na baada ya hapo fimbo haigeuziki.

Ubao wa vidole nao una kisa chake. Mwanzoni mwa 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa ili kuzuia uvunaji haramu, na baadhi ya viwanda vikaacha mbao hizo na kuhamia nyingine. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti mwishoni mwa 2019. Mpingo wetu, unaotumika kutengeneza zumari bora za Ulaya, ni Dalbergia pia. Kwa mnunuzi wa Misungwi somo ni dogo: ubao wa rangi tofauti kwenye besi ya miaka hiyo hauna maana kwamba ni feki.

Feki zipo, lakini hutambuliwa kwa mengine. Nembo ya Fender kwenye gitaa la laki tatu, skrubu zilizopinda, namba ya utambulisho inayofanana na ya gitaa la pili ukutani. Hizo ndizo dalili. Hata nyuzi zinaghushiwa kiasi kwamba kampuni ya D'Addario huweka ndani ya pakiti namba ya kuhakiki kwenye mtandao. Jina la wastani lisilomvutia mghushi lina faida yake.

Tufike kwenye nyuzi, maana hapa ndipo fedha kidogo inapofanya kazi kubwa, na hapa ndipo kwaya nyingi hazitoi hata senti. Seti ya kawaida huanza na uzi mwembamba wa inchi 0.045 na kuishia na mnene wa 0.100 au 0.105, takriban milimita 2.7. Zikikazwa zote nne huvuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Kwa hiyo anayebadilisha seti nyembamba kwa nene bila kugusa fimbo ya shingo asishangae besi ikibadilika tabia.

Nyuzi za kawaida huzungushiwa waya wa mviringo. Ndizo zenye mlio mkali, unaokata, ule unaosikika katika sebene la kwaya za leo. Zilipata umaarufu Uingereza miaka ya 1960, kampuni ya Rotosound ilipozitengeneza ikishirikiana na John Entwistle wa bendi ya The Who. Za nikeli ni laini kwa vidole na freti. Za chuma cha pua hung'aa zaidi lakini husaga. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyeng'oa freti za Jazz Bass yake na kupiga juu ya mbao tupu, alilazimika kuupaka ubao gundi ngumu ya epoksi, ile ya kuzibia maboti, usitafunwe na nyuzi zake. Mafundi wa mitumbwi wa Kigongo wangemwelewa mara moja.

Aina ya pili imezungushiwa utepe bapa. Uso wake ni laini kama kijiko, sauti yake ni nzito, fupi, yenye kishindo cha ngoma. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya Motown mjini Detroit, alitumia nyuzi bapa za La Bella kwenye Precision yake ya 1962, tena nene, na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Alipiga kwa kidole kimoja. Vibao vilivyotoka kwenye nyuzi hizo kuukuu vinapigwa hadi leo harusini.

Seti ya nikeli ya mviringo hugharimu dola 20 hadi 30 ng'ambo. Bapa ni dola 40 hadi 60. Zile zilizopakwa utando wa kuzuia jasho, kama Elixir, nazo ni ghali kiasi hicho. Nyuzi hazina huruma: bei yake ni ile ile kwa mwenye Fodera na mwenye besi ya laki tano. Seti moja nzuri yaweza kula robo ya thamani ya gitaa lenyewe. Ndiyo maana watu huzichemsha. Nyuzi za mviringo zilizokufa zikitumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota kwa dakika chache, mafuta na uchafu wa vidole hutoka, na mlio hufufuka kwa ibada chache kabla ya kufifia tena. Wengine huziloweka kwenye spiriti. Njia zote mbili zinafanya kazi, mradi zikaushwe vizuri zisije zikashika kutu.

Kwa kwaya iliyo mbali na duka, inayopata fedha mara moja kwa mwaka, nyuzi bapa ndizo rahisi kuliko zote ingawa bei yake ni mara mbili. Hazina mifereji ya kuhifadhi jasho na vumbi, hazisagi freti, na sauti yake ya mwezi wa tatu haitofautiani sana na ya mwaka wa tatu. Vijana watalalamika kwamba hazina makali. Ni kweli, mpiga sebene wa kasi anahitaji makali, na huyo anunuliwe za nikeli. Lakini nyimbo nyingi za ibada, mapambio ya taratibu na rumba ya zamani hukaa vizuri mno juu ya bapa.

Kuna hoja moja tu nzito ya kuzikataa, nayo ni spika. Uzi mnene wa E hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haitoi mtetemo wa chini kiasi hicho, na honi za mikutano ya injili ya uwanjani nazo haziutoi. Msikilizaji huisikia besi kwa kuwa masikio hukusanya mitetemo ya juu inayoambatana nao na kuukisia ule wa chini uliokosekana. Nyuzi za mviringo hutoa mitetemo hiyo ya juu kwa wingi, bapa huibana. Kwaya inayotegemea honi, au inayorekodi video zitakazotazamwa kwenye simu, ina sababu ya kuchagua mviringo hata kama zinachoka mapema.

Vivyo hivyo kwa besi ya nyuzi tano, ambayo sasa kila kijana wa kwaya anaitaka. Uzi wa tano, B, hushuka hadi mitetemo 31. Kwenye besi ya bei ya chini uzi huo mara nyingi hulegea na kutoa mngurumo usio na noti, na spika ndogo haiwezi kuubeba. Nyuzi nne imara kwa milioni moja zina faida kuliko tano dhaifu kwa bei hiyo hiyo, ingawa kumshawishi kijana aliyemwona mpiga besi wa Dar es Salaam akishuka hadi B ni kazi nyingine.

Besi zenye betri zina adha yake. Ndani huwa na kikuza sauti kidogo kinachokula betri ya mraba ya volti 9, ile inayokaa kwenye mita ya fundi umeme, na waya wa jeki ukiachwa umechomekwa betri huendelea kunyonywa hata besi isipopigwa, hadi ikauke. Besi iliyonyamaza ghafla katikati ya pambio mara nyingi ina ugonjwa huo, na fundi mitambo hulaumiwa bure.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lifunguliwe Juni 2025, kwaya za Misungwi na Sengerema hualikana bila kungoja kivuko, na vyombo vinasafiri zaidi. Besi inayofungwa juu ya basi dogo, juani, bila begi, hurudi na shingo nyingine. Muuzaji anayekataa kupunguza bei kwa kawaida hukubali kuongeza kitu: begi lenye sponji, mkanda mpana (besi nyingi zina kilo nne hivi, na ibada ni ndefu), waya wa jeki usiokwaruza, alenki inayoingia sawasawa, na pakiti moja ya nyuzi. Hayo huombwa kabla risiti haijaandikwa.